Baba na Mwana: Somo la Kusoma Picha Zisizo na Maneno



Wengi wetu tulipoanza kisomo tulidhani kusoma ni herufi tu. Tukahangaika na "a, e, i, o, u" mpaka zikakaa kichwani. Lakini gazeti halina herufi tu. Lina picha, lina ramani, na mara nyingi lina katuni. Kuna watu wanaoiruka katuni na kusema, "Hayo ni mambo ya watoto." Leo tutajifunza kwamba katuni nayo husomwa, tena husomwa kwa makini. Tutajifunza kwa kutumia katuni moja mashuhuri ya Ujerumani, iitwayo "Baba na Mwana". Mwishoni tutaona kwamba mtu aliyewachekesha wengi kwa katuni hiyo alikufa gerezani kwa sababu ya maneno aliyoyasema. Kwa hiyo cheka, lakini usisome haraka.

1. KATUNI HUSOMWAJE?

Katuni ya hadithi huwa na picha kadhaa zilizopangwa kwa mfuatano. Unaanza na picha ya kwanza, unakwenda ya pili, mpaka ya mwisho. Kila picha ni kama sentensi moja. Jambo kubwa ni lile lililo KATI ya picha na picha, ambalo halikuchorwa. Picha ya kwanza mtoto ameshika mpira karibu na dirisha. Picha ya pili kioo kimevunjika na mtoto anakimbia. Nani alikuonyesha mpira ukiruka? Hakuna. Umeuona mwenyewe kwa akili yako. Huko ndiko kusoma.

Basi ukisoma katuni jiulize maswali matatu: Kabla ya picha hii kulitokea nini? Katika picha hii nani anajua nini, na nani hajui? Baada ya hapa kitatokea nini? Mara nyingi kicheko hutoka katika swali la tatu, kwa sababu mchoraji anakuongoza utazamie jambo moja, kisha anakuletea jingine.

2. WATOTO WATUKUTU WA ZAMANI

Hadithi za picha juu ya watoto watukutu na wakubwa wenye mikosi hazikuanza jana. Mwaka 1865 Mjerumani mmoja, Wilhelm Busch, alitoa kitabu cha picha na mashairi kiitwacho "Max und Moritz". Max na Moritz ni wavulana wawili wasiosikia la mwadhini wala la mteka maji. Wanafanya utundu mara saba. Wanawategea kuku wa mama mjane. Wanalikata daraja kwa msumeno ili fundi cherehani atumbukie mtoni. Wanatia baruti katika kiko cha mwalimu. Mwisho wao si wa kuchekesha sana: mkulima anawatia katika gunia, anawapeleka kwenye kinu, wanasagwa kama nafaka, na bata wanakula punje. Wanakijiji hawawasikitikii hata kidogo. Fundisho la kitabu liko wazi: mtundu hana mwisho mwema.

Miaka 32 baadaye mbegu hiyo ikaota Marekani. Tarehe 12 Desemba 1897, katika gazeti la New York Journal, ilianza katuni iitwayo "The Katzenjammer Kids". Mchoraji wake, Rudolph Dirks, alizaliwa Ujerumani akahamia Marekani akiwa mtoto. Mhariri wake alimwomba atunge kitu mfano wa Max na Moritz. Dirks akawaleta Hans na Fritz, mapacha wawili. Pamoja nao yuko Mama, na baadaye akaongezwa Kapteni, baharia mnene mwenye ndevu, ambaye anakaa katika nyumba ile kama baba wa watoto. Baadaye tena akaja Inspekta, ambaye kazi yake ni kuwakamata watoto wanaotoroka shule.

Kapteni huyu ndiye baba wa mikosi hasa. Akikaa kwenye kiti, kiti kina baruti. Akilala, kitanda kinabebwa. Akinywa, kilichomo si kile alichodhani. Anaanguka, anavimba, ananguruma, anawakimbiza, na mwisho watoto wanapata viboko. Gazeti lijalo wameanza upya. Hakuna aliyejifunza kitu, si watoto, si Kapteni. Wasomaji walipenda mno. Mwaka 1912 Dirks aligombana na wenye gazeti. Kesi ikaamuliwa kwa namna ya ajabu: gazeti likabaki na jina la katuni, na Dirks akabaki na haki ya kuwachora watu wake kwa jina jingine. Basi kwa miaka mingi familia ile ile ikawa inapata mikosi katika magazeti mawili, kwa mikono ya wachoraji wawili!

Sasa tazama jambo hili vizuri. Katika hadithi hizo zote mbili mkubwa na mtoto ni maadui. Mtoto anatega, mkubwa anapiga. Ni vita isiyokwisha. Katuni yetu ya leo ilibadilisha mambo.

3. BABA NA MWANA

Desemba 1934, katika gazeti la picha la Berlin lililoitwa Berliner Illustrirte Zeitung, walitokea watu wawili wapya. Mmoja ni baba mnene, ana upara, na masharubu mazito kama ufagio. Wa pili ni mtoto wa kiume mdogo, nywele timtim. Hawana majina. Huitwa "Vater und Sohn", yaani Baba na Mwana, basi. Mama huonekana kwa nadra sana. Kila juma walikuja na kisa kimoja, mpaka Desemba 1937. Jumla vilichorwa visa zaidi ya 150.

Karibu visa vyote havina maneno ndani yake, ila kichwa cha habari tu. Ndiyo maana vimevuka mipaka. Asiyejua Kijerumani anavisoma sawa na Mjerumani. Mpaka leo walimu wa lugha huvitumia darasani: mwanafunzi huonyeshwa picha, kisha hutakiwa aeleze kisa kwa lugha anayojifunza.

Nitakueleza visa vinne. Jaribu kuviona kichwani.

KISA CHA KWANZA: KITABU. Chakula kiko mezani, mtoto hayupo. Baba anakwenda kumwita. Anamkuta amelala kifudifudi sakafuni anasoma kitabu, hasikii. Mtoto anakuja mezani. Sasa baba ndiye hayupo! Mtoto anatumwa kumtafuta. Anamkuta pale pale sakafuni, amelala kifudifudi vile vile, anasoma kitabu kile kile.

Hapa hakuna aliyeanguka wala kupigwa, lakini tunacheka. Kwa nini? Kwa sababu aliyetumwa kuonya ndiye aliyenaswa. Sisi wa kisomo kisa hiki kinatuhusu sana. Ni mara ngapi mtoto wa nyumbani huleta kitabu cha shule, na mzazi akaogopa kukigusa akidhani si cha umri wake? Baba huyu hakuona haya kulala sakafuni.

KISA CHA PILI: KAZI YA NYUMBANI. Mtoto amepewa insha na mwalimu. Inamshinda. Baba anaingilia kati na kumwandikia. Mwalimu akiisoma anatambua mara moja kwamba hiyo si kazi ya mtoto. Anamshika mtoto mkono, wanakwenda pamoja mpaka nyumbani. Unadhani mtoto atachapwa? La! Mwalimu anamlaza baba juu ya magoti yake na kumchapa makalio kama mtoto.

Kichekesho kimetoka wapi? Adhabu imekwenda kwa mwenye kosa hasa. Mtoto hakudanganya peke yake. Mkubwa ndiye aliyeshika kalamu. Nasi tukumbuke: kumsaidia mtoto kazi ya shule ni kukaa naye, kumwuliza, kumngoja. Kumwandikia si kumsaidia. Ni kumnyang'anya somo lake.

KISA CHA TATU: UGOMVI. Mtoto amegombana na mwenziwe. Kila mmoja anakimbilia kwa baba yake kushtaki. Baba wawili wanakutana. Maneno yanaanza, vidole vinanyooshwa, mara ngumi, mara wamekamatana. Na watoto? Wamekwisha patana, wamechuchumaa kando wanacheza.

Methali yetu inasema, "Wapiganapo tembo nyasi huumia." Hapa mchoraji ameigeuza: tembo wanaumizana, nyasi zinacheza. Hebu jiulize, ni ugomvi mangapi wa majirani ulianza na watoto ambao jioni ile ile walikuwa wakila sahani moja?

KISA CHA NNE: ZABIBU. Baba ameoka keki. Keki imekwisha iva, ndipo inapokumbukwa kwamba zabibu kavu hazikutiwa. Mtu mwingine angesema, "Basi, tule hivyo hivyo." Baba huyu anachukua bunduki ya marisau, anaijaza zabibu badala ya risasi, analenga keki, anapiga! Zabibu zinaingia.

Hiki ni kichekesho cha aina ya zamani, cha mshindo na moshi, kama cha Kapteni. Lakini angalia tofauti. Hakuna aliyetegwa. Baba na mwana wako upande mmoja, wanapambana na tatizo lao kwa akili zao za ajabu. Huo ndio moyo wa katuni hii. Baba ni wa mikosi, mtoto ni mtundu, lakini si maadui. Baba naye bado ni mtundu kidogo, na mtoto mara nyingine ana busara kuliko baba.

4. JE, HUKU SI KUMVUNJIA BABA HESHIMA?

Najua kuna msomaji anayesema, "Mwalimu, baba kuchapwa makalio! Baba kulala sakafuni! Watoto wakiona hivi watatuheshimu?" Swali hili ni la haki, na linafaa kujadiliwa kikundini.

Jibu langu ni hili. Kuna heshima ya namna mbili. Kuna heshima ya woga: baba akikohoa mlangoni watoto wanatawanyika. Na kuna heshima ya mapenzi: baba akichelewa watoto wanakaa njiani kumngoja. Kapteni wa Marekani alitaka heshima ya kwanza, na kila juma aliikosa. Baba wa Ujerumani hakudai heshima hata siku moja, wala mtoto hamwachi. Mchoraji hakusema kwamba baba asiwe baba. Alisema kwamba baba anayekosea mbele ya mwanawe, na mwanawe akamwona, hajapoteza kitu kikubwa. Wala hatuambiwi tuache kuwaonya watoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

5. NYUMA YA KICHEKO

Sasa tumjue aliyechora. Jina lake lilikuwa Erich Ohser. Alizaliwa tarehe 18 Machi 1903 na kukulia katika mji wa Plauen. Ujanani alijifunza ufundi wa vyuma, kisha akaenda mji wa Leipzig kusomea uchoraji. Huko alikuwa na rafiki wawili wa karibu, nao pia wakiitwa Erich: Erich Kästner, mwandishi wa vitabu, na Erich Knauf, mhariri wa gazeti. Kästner alitunga, Ohser akamchorea picha.

Kabla ya mwaka 1933 Ohser alichora katuni za siasa. Aliwadhihaki Hitler na Goebbels na chama chao cha Nazi. Januari 1933 Hitler akashika serikali. Mwezi Mei mwaka ule vitabu vya Kästner vilichomwa moto hadharani pamoja na vya waandishi wengine wengi. Mwaka 1934 Ohser akakatazwa kufanya kazi yake, maana mchoraji alihitaji kibali cha serikali, naye akanyimwa. Alikuwa na mke, na mtoto mdogo wa kiume aliyezaliwa Desemba 1931. Watakula nini?

Lile gazeti la picha lilikuwa linatafuta mchoraji wa kisa cha kila juma. Mhariri mmoja akampigania Ohser. Mwisho akaruhusiwa kwa masharti: asitumie jina lake, na asiguse siasa. Basi akajibandika jina "e. o. plauen". Herufi mbili za mwanzo ni za jina lake, na Plauen ni mji alikokulia. Hivyo "Baba na Mwana" wakazaliwa kutokana na marufuku. Mtu aliyenyimwa kusema alichora hadithi zisizo na maneno.

Lakini hata katuni safi haikuachwa. Ilipopendwa na watu wengi, serikali iliwatumia Baba na Mwana kutangaza michango yake ya majira ya baridi. Mwishoni mwa mwaka 1937 Ohser akaifunga. Katika kisa cha mwisho baba na mwana wanashikana mikono, wanaondoka, wanapaa mbinguni. Baba anakuwa mwezi, na mwana anakuwa nyota kando yake.

Tuseme kweli yote, maana somo si sifa tupu. Toka mwaka 1940, wakati wa vita, Ohser alichora katuni za siasa kwa gazeti la serikali liitwalo Das Reich, akiwadhihaki maadui wa Ujerumani. Nyumbani aliichukia serikali ile ile. Alikuwa mtu aliyebanwa, akala mkate wa aliyembana. Msomaji atapima mwenyewe.

Mwaka 1943 nyumba za Berlin ziliharibiwa kwa mabomu. Ohser na rafiki yake Knauf wakahamia pamoja pembezoni mwa mji. Ohser alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo aliongea kwa sauti kubwa. Wawili hao walifanya mzaha juu ya Hitler na Goebbels. Jirani wa nyumba ile ile alisikiliza, akaandika kila neno, akapeleka kwa wakubwa. Tarehe 28 Machi 1944 wakakamatwa. Kesi ilipangwa kusikilizwa tarehe 6 Aprili, mbele ya mahakama ambayo kwa kawaida hukumu yake ilijulikana kabla. Ohser hakuingoja. Usiku wa kuamkia kesi alijiua katika chumba cha gereza, akiwa na miaka 41. Aliacha barua ya kujaribu kumwokoa Knauf kwa kuchukua lawama peke yake. Haikusaidia. Knauf alihukumiwa kifo, akauawa tarehe 2 Mei 1944. Kästner alinusurika, akaishi mpaka mwaka 1974.

Hapa tukumbuke lile swali letu la pili: nani anajua nini, na nani hajui? Watu waliocheka zabibu za bunduki mwaka 1935 hawakujua jina la aliyewachekesha. Sisi tunajua. Tukirudi kwenye picha ya mwezi na nyota hatuioni tena kama walivyoiona wao. Picha haikubadilika hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni msomaji.

6. TULIYOJIFUNZA

Kwanza, picha husomwa kwa mpango, na kilicho kati ya picha ni kazi ya msomaji. Pili, kichekesho cha kuanguka na kupigwa ni cha zamani, lakini kinaweza kubeba mambo ya maana: malezi, ugomvi wa majirani, uongo wa wakubwa. Tatu, kicheko si kitu kidogo. Serikali yenye mizinga na ndege ilimwogopa mtu mwenye penseli.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Max na Moritz, Hans na Fritz, na Mwana wa katuni yetu wote ni watundu. Wanatofautianaje?
2. Katika kisa cha kazi ya nyumbani, je, ni haki baba kuadhibiwa? Mzazi aliyemaliza kisomo anaweza kumsaidiaje mtoto wake bila kumfanyia kazi?
3. Ohser alikubali masharti ya kuficha jina lake ili apate kazi. Wewe ungefanyaje? Eleza sababu.
4. Yule jirani aliyeandika maneno ya wenziwe, unadhani alijiona anafanya nini?

ZOEZI

Chukua karatasi, au ubao na mkaa. Igawe sehemu nne. Chora kisa kimoja cha nyumbani kwako kilichowachekesha watu wote. Usiandike neno hata moja. Usijali kama picha si nzuri: duara ni kichwa, mistari ni mikono. Kisha mpe mwenzako aliyekuwa hayupo siku ile, akusomee kwa sauti. Akikisoma sawasawa, umefaulu kuandika. Akikosea, usimcheke. Tafuta ni picha ipi uliyoiruka, uichore.